Chujio Likichoka, Nani Atajua?

Chemchemi nyingi za upande wa mashariki wa Mlima Meru hazina sura ya ubaya. Maji yanatoka kwenye mawe yakiwa ya baridi, hayanuki, na ukiyakinga kwenye glasi unaona mpaka chini. Mgeni anayepita Leguruki au Ngarenanyuki mchana wa jua kali akikaribishwa maji atakunywa, atashukuru na pengine ataomba ya pili. Ukweli wa maji hayo ameubeba mwenyeji wake mdomoni.

Meno ya wenyeji wa huko yanajulikana Tanzania nzima. Yana madoa ya kahawia kwa mbele, na kwa wengine jino limelika mpaka likawa na vishimo vidogo. Kijana wa Arumeru, wilaya yenye mlima huo, akifika chuoni Mwanza au Dar es Salaam, wenzake humtajia mkoa wake kabla hajautaja mwenyewe. Ni utani, na watani wa nchi hii hawana huruma. Lakini wapo wasichana waliojizoeza tangu shule ya msingi kucheka na kiganja mdomoni, na wapo wazee ambao tatizo limewafika mpaka kwenye mifupa: mgongo umekakamaa, magoti hayakunjuki, miguu imepinda.

Mkosaji ni floridi. Meru, wenye mita 4,566, ni volkano iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na miamba yake ina madini hayo kwa wingi. Kadiri maji yanavyokaa muda mrefu ndani ya miamba ndivyo yanavyotoka na mzigo mkubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Baadhi ya mito na chemchemi za Arumeru zimepimwa zikakutwa na zaidi ya 10, na maziwa ya Momella, yale ambayo watalii hupiga picha za heroe, yana mamia. Serikali yenyewe imepita njia ndefu juu ya namba hii. Miaka ya 1970 iliruhusu hadi 8 kwa maji ya vijijini kwa kuwa njia nyingine haikuwepo, baadaye ikashusha hadi 4, na sasa kiwango cha taifa ni 1.5 kama cha dunia. Siku kiwango kilipobadilishwa maji hayakubadilika hata tone. Kilichoongezeka ni mabomba yaliyo nje ya sheria.

Kuchemsha hakusaidii. Mvuke unaondoka, floridi inabaki sufuriani, na maji yaliyobaki yanakuwa makali zaidi. Baya kuliko yote ni suala la muda. Jino la kudumu hujengwa ndani ya taya miaka mingi kabla halijachomoza, kwa hiyo madhara huingia katika miaka saba au minane ya mwanzo ya maisha, wakati mdomo bado una meno ya utoto yanayong'aa. Mama anayeanza leo kumpa mtoto mchanga maji salama ataona faida yake mtoto akiwa darasa la kwanza au la pili.

Siku hizi tunaambiwa kwamba fikra za kisanifu, yaani kubuni kwa kuanzia kwa mtumiaji na kujaribu mapema, zinaweza kutatua shida za kila siku za jamii. Anayetaka kupima madai hayo sioni mtihani mgumu kuliko huu ulioko miguuni mwa Meru. Tatizo halionekani, halina harufu wala ladha, na suluhisho lake nalo halionekani.

Hii haimaanishi kwamba watu walikaa tu. Ngurdoto, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kipo kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floridi. Katika miaka ya 1990 ilijaribiwa hapo njia iliyotoka Nalgonda, India: unatia shabu na chokaa kwenye ndoo ya maji, unakoroga, unaacha usiku kucha mpaka tope lituame, asubuhi unamimina maji ya juu. Kwenye karatasi ni kazi ya dakika chache. Nyumbani ni kupima dawa kila siku bila kukosea, kukoroga kwa muda uliopangwa, na kuwa na ndoo mbili zisizoguswa usiku mzima katika nyumba yenye watoto sita. Na maji yenye floridi nyingi yanataka shabu nyingi, ambayo nayo inaacha mabaki yake.

Njia iliyoshika zaidi Ngurdoto ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inakusanywa machinjioni, inakaushwa, kisha inachomwa kwenye tanuri ambalo hewa yake imebanwa. Ufundi wote uko hapo. Moto ukiwa hafifu, mafuta hayaungui yote na maji yatakayopita humo yatanuka. Moto ukizidi na hewa ikaingia, mfupa unageuka mweupe na uwezo wake wa kunasa floridi unashuka sana. Unaotakiwa ni mfupa mweusi. Ukishapoa unapondwa, unachekechwa ili vumbi litoke na punje zibaki, unaoshwa, unajazwa kwenye ndoo ya plastiki yenye koki chini. Mama anamimina maji juu, anakinga chini. Hakuna umeme, hakuna dawa ya kupima. Na kuna jambo moja katika kazi hii linalonivutia kila ninapolifikiria: floridi inakimbilia mfupa wa ng'ombe uliochomwa kwa sababu ile ile inayoifanya ikimbilie jino la mtoto. Madini yanayojenga vyote viwili ni ya aina moja. Ndoo inaitangulizia floridi mfupa mwingine.

Kama kubuni kungeishia hapo, tungekuwa tumemaliza. Lakini kila punje ya mkaa ule ina nafasi zake, na nafasi zikijaa chujio limekwisha. Maji yanaendelea kushuka kwa kasi ile ile, kwa rangi ile ile, na yanapendeza kunywa vile vile. Huwezi hata kuandika tarehe ya mwisho kwenye ndoo kwa uhakika, kwa sababu familia ya watu wanne inayochota maji yenye miligramu 5 na familia ya watu tisa inayochota maji yenye 15 hazimalizi chujio kwa muda mmoja. Kujua kunahitaji kupima, na kupima kunahitaji maabara au kifaa ambacho hakiuzwi dukani kwa Mangi.

Fuatilia basi maisha ya ndoo moja. Inakuja na mradi, pamoja na semina ya siku moja na picha ya pamoja. Mwaka wa kwanza mtaalamu anapita na chupa za sampuli. Mradi unafungwa. Mkaa mpya unapatikana kituoni, lakini kituo kiko mbali na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni fedha ya mboga. Duka la jirani lina sabuni, vocha, sukari ya kupima na viberiti. Mkaa wa mifupa halina, maana hakuna mteja anayejua kwamba anauhitaji. Ndoo yenyewe haipotei. Ndoo yenye koki ni mali. Itamwagwa punje zake, itasimama mlangoni kwa ajili ya kunawa mikono, itaazimwa kwenye msiba na harusi. Ilipokuja korona mwaka 2020, nyumba yenye ndoo kama hiyo ilikuwa mbele ya wenzake. Ripoti ya mradi itasema familia kadhaa zilipata machujio, na haitakuwa imesema uongo.

Kuna swali jingine ambalo mhandisi huliona dogo: mifupa ya mnyama gani? Kwa familia ya Kiislamu ni swali la lazima, na linatakiwa kujibiwa kabla ndoo haijashushwa kwenye gari. Hata kwa wasio na sharti la dini, wapo ambao wazo la kunywa maji yaliyopita kwenye mifupa linawatia kinyaa. Mtu wa namna hiyo hatabishana na wewe kwenye semina. Atapokea ndoo, atapiga makofi, na hataitumia.

Halafu ingia jikoni. Makande na maharage ya Arusha na Kilimanjaro hupikwa na magadi ili yalainike haraka na kuni ziokolewe. Magadi yanaokotwa au kununuliwa sokoni kwa vipande, na tafiti zilizofanywa Tanzania kuhusu meno ya watoto zimekuta floridi ndani yake, wakati mwingine kwa wingi wa kushtua, na zimekuta watoto wenye madoa hata sehemu ambazo maji yake si mabaya kiasi hicho. Kwa hiyo mama anaweza kuchuja maji kwa uaminifu wote, akayatia sufuriani, kisha akadondosha kipande cha magadi na kurudisha alichokitoa. Mtaalamu wa maji hakuwahi kuuliza habari za maharage, kwa kuwa idara yake ni maji. Mtu wa lishe hakuuliza habari za floridi. Na ukimwambia mama aache magadi, unamwongezea saa za kupika na mzigo wa kuni, au gharama ya mkaa. Ushauri wa maana ungemletea na njia ya kulainisha maharage, hata kama ni kuyaloweka tangu jana yake tu.

Ni mambo ya namna hii ambayo wahubiri wa fikra za kisanifu wanayasisitiza, na kwa hilo wana haki. Mafundisho hayo yalipata umaarufu miaka ya 2000 kutoka Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya IDEO huko California: kaa na mtumiaji, lielewe tatizo kwa macho yake, toa mawazo mengi, tengeneza sampuli ya bei rahisi, ijaribu, urudie. Arusha, mji wa mikutano tangu kituo cha mikutano cha AICC kilipofunguliwa mwaka 1978, imeyapokea kwa mikono miwili. Warsha zake unazitambua kwa karatasi ndogo za rangi zilizobandikwa ukutani na washiriki kugawanywa meza kwa meza. Sina ugomvi na karatasi. Shida yangu ni kwamba katika michoro mingi hatua ya mwisho ni majaribio, na majaribio hudumu muda ule ule unaodumu ufadhili. Baada ya hapo hakuna kisanduku kwenye mchoro. Mwaka wa nne wa chujio hauna mahali pake ukutani.

Afadhali hata hivyo kuliko ilivyokuwa. Ngarenanyuki hiyo hiyo ina historia ya mradi uliopangwa mezani. Baada ya tume ya ardhi ya Jaji Mark Wilson, serikali ya kikoloni ilichora eneo la ranchi za nyama na maziwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, na Wameru waliokuwa ndani ya mchoro wakatakiwa kuhamia King'ori. Kwenye ramani ilipendeza, kila kabila na kipande chake. Wameru walikataa, na mwezi Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuyaeleza hayo Umoja wa Mataifa. Ranchi hazikustawi kama zilivyotarajiwa, na hatimaye ardhi ikarudi kwa wenyewe. Pale ishara zilikuwepo tangu siku ya kwanza, kwa sauti kubwa. Waliozipata walikuwa na ramani tayari.

Mfano ninaoupenda wa kubuni vizuri Arusha ni wa zamani kuliko warsha hizi, na umejichimbia chini ya ardhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali iliweka mjini hapa mashirika mawili ya ufundi: TEMDO ya usanifu wa mitambo mwaka 1980, na CAMARTEC, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, mwaka 1981. Kuanzia 1983 CAMARTEC ilishirikiana na Wajerumani wa shirika la GTZ katika biogesi. Kabla ya hapo SIDO, shirika la viwanda vidogo, ilikuwa imejenga mitambo ya mfano wa India, yenye pipa la chuma linaloelea juu ya samadi na kupanda gesi inapojaa. Chuma kwenye samadi kinaota kutu, na pipa jipya lilikuwa ghali kwa mkulima.

Mafundi wa CAMARTEC walihamia kwenye kuba la tofali lililozikwa lote ardhini. Kuba nalo lina ugonjwa wake: linapasuka. Uzito wa udongo, msukumo wa samadi, kuta kutitia kidogo, na ufa mwembamba ukifika juu gesi yote inatoroka. Jibu walilolipata mwishoni mwa muongo ule bado linanifanya nitabasamu. Hawakujaribu kujenga kuba lisilopasuka. Waliweka sehemu ya chini ya ukuta mkanda mmoja dhaifu kwa makusudi, wa saruji hafifu, na juu yake mkanda imara wa zege. Kuba likitaka kupasuka, linapasukia kwenye mkanda dhaifu, mahali ambapo pana samadi na gesi haipo, na ufa ukijaribu kupanda unakutana na mkanda imara. Mtambo unaendelea na kazi ukiwa na ufa wake. Sehemu ya juu inayotunza gesi inapigwa plasta ya kuzuia hewa kwa uangalifu mkubwa, na hapo ndipo fundi mzuri na fundi wa haraka wanapotofautiana.

Kilicho bora zaidi ni kwamba hawakuishia kwenye kuba. Walitazama ua mzima wa mkulima wa Meru: migomba, kahawa, ng'ombe wawili au watatu wa kisasa wanaolishwa ndani, mama anayekwenda kutafuta kuni wakati msitu wa juu ni hifadhi. Mtambo unataka samadi iliyochanganywa na maji kila siku, na kila kazi ya kila siku inayoongezwa kwenye ua huo inamwangukia mama. Wakajenga zizi kama sehemu ya mtambo. Sakafu ya saruji yenye mteremko, samadi na mkojo vinaelekea vyenyewe kwenye shimo la kuchanganyia, hivyo ndoo za maji zinapungua na kusafisha zizi kunakuwa ndiyo kulisha mtambo. Tope linalotoka upande wa pili linashuka kwenye migomba. Kazi ambayo mama alikuwa akiifanya tayari iligeuzwa kidogo ikazaa moto.

Na mtambo huo unalalamika. Ng'ombe mmoja akiuzwa Januari kulipa ada, ndani ya siku chache moto unafifia, chai ya asubuhi inachelewa, na kila mtu nyumbani anajua sababu. Hakuna anayesubiri ripoti ya tathmini. Kuba la CAMARTEC likaja kuwa msingi wa mpango wa taifa wa biogesi za majumbani ulioanza mwaka 2009, na mitambo yake ikasambaa mikoa mingi. Haukuwa muujiza. Asiye na ng'ombe wa ndani hahusiki, gharama ya kujenga ni kubwa kwa wengi hata pakiwa na ruzuku, na mtambo usio na fundi karibu unaweza kulala kwa kukosa kipuri kidogo cha jiko. Lakini unapokufa, unakufa hadharani, na anayetaka kuufufua anajua aanzie wapi.

Baiskeli nazo zilipata zamu yao. Bernard Kiwia, fundi wa Arusha aliyejulikana kwa kutengeneza chaja ya simu na pampu za maji kutokana na vipuri vya baiskeli, alikutana na watu wa chuo cha MIT cha Marekani, na kutoka huko akaja Jodie Wu, mhandisi kijana aliyeanzisha mjini hapa kampuni ya Global Cycle Solutions mwaka 2009. Bidhaa yao ya kwanza iliyovuma ni mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa nyuma ya baiskeli. Unakanyaga, magunzi yanatoka upande mmoja, punje upande mwingine. Kila aliyeiona maonyeshoni aliipenda. Tatizo lake lilikuwa kalenda: mahindi hupukuchuliwa wiki chache baada ya mavuno, na mwaka uliobaki mashine imekaa darini, wakati vijijini zilikuwa zikiingia mashine za injini zinazomaliza gunia kabla hujavuta pumzi. Kampuni ilisoma soko ikageukia taa za sola, ambazo giza huzitafutia wateja kila jioni. Wapo waliosema ubunifu umesalitiwa. Mimi naona hapo ndipo ulipofanya kazi, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekuwa akihesabu mauzo na hakuweza kujidanganya. Kiwia kwa upande wake aliendelea na karakana ya wabunifu ya Twende, ambako wanakijiji na wanafunzi hufundishwa kutengeneza vifaa kwa mikono yao wenyewe, na mwaka 2014 Arusha ikapokea mkutano wa kimataifa wa wabunifu wa vifaa vya maendeleo uliowaweka wageni na wenyeji kwenye meza moja ya kazi.

Turudi kwenye maji, maana hadithi yake haikuishia Ngurdoto. Tengeru, chini ya mlima, kipo chuo cha Nelson Mandela, na hapo Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na chembe ndogo mno zinazonasa kile ambacho mchanga unakiacha. Mwaka 2015 alikuwa mtu wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Magazeti yalishangilia sayansi, na ilistahili. Chembe zile hupangwa kulingana na uchafu wa mahali husika, hivyo chujio la Arusha linalolenga floridi halilazimiki kufanana na la mkoa wenye shida nyingine. Lakini hatua iliyonivutia zaidi ni ya biashara. Badala ya kutegemea kila nyumba inunue chujio lake, kampuni yake ya Gongali Model ilianza kuyaweka kwa wajasiriamali wanaouza maji yaliyochujwa kwenye vibanda, kwa bei ya chini kuliko ya maji ya chupa.

Ukiitazama hatua hiyo kwa jicho la ndoo ya Ngurdoto, utaona ilichohamisha. Matunzo yalikuwa juu ya mama mwenye kazi nyingine ishirini. Sasa yako kwa mtu ambaye riziki yake inategemea chujio. Kibanda kimoja kinaweza kupimwa, nyumba mia mbili haziwezi. Mtaalamu akija na chupa moja ya sampuli amekagua maji ya mtaa mzima. Hata hivyo muuza maji naye haioni floridi, na mteja wake haioni, na asiye mwaminifu anaweza kuuza maji ya chujio lililokwisha mwezi mzima bila mteja hata mmoja kulalamika. Tena kibanda kinashika mjini na kwenye senta, penye watu wanaolipa taslimu. Kwenye kaya za pembezoni, ambako ng'ombe, watoto na makande vyote vinategemea mfereji mmoja, anayeuza lita ishirini hapati faida ya kumtosha.

Wapo wahandisi wanaoniambia kwamba haya yote ni kupoteza muda, dawa ni bomba kubwa. Nawaelewa. Mradi wa maji wa jiji la Arusha, ule ambao kila dereva wa daladala anauita wa bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulipangwa kuongeza uzalishaji kutoka takriban lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200, na floridi ilikuwa moja ya sababu za kutafuta vyanzo vipya. Hakuna kifaa cha warsha kinachoweza kushindana na hilo. Maji yenye floridi ndogo yakifika bombani, mama hahitaji kujua neno floridi. Kwa Ngarenanyuki na vijiji vya mteremko wa kaskazini hesabu inakuwa nyingine: bomba linatoka chemchemi nzuri za juu, linapita mashamba ya watu wengi, na linatunzwa na chombo cha watumia maji chenye mweka hazina mmoja na daftari. Vituo vya maji vijijini Tanzania vilipohesabiwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu vinne kati ya kila kumi havikuwa vikifanya kazi. Navyo vilikuwa vimezinduliwa, vingine na Mwenge wa Uhuru wenyewe, na mawe yao ya msingi yanasomeka vizuri mpaka leo.

Maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi kabisa, yanamwagika kwenye mabati ya Arumeru kila masika na kupotelea kwenye makorongo. Simtanki la kutunza maji ya kunywa na kupikia tu, yasiyotumika kufulia wala kunyweshea mifugo, lingeivusha familia sehemu kubwa ya kiangazi. Sijui kwa nini wazo hili halivutii mashindano ya ubunifu. Nadhani ni kwa sababu halina mbunifu.

Tatizo la muda nimeliona waziwazi kwenye mradi wa FLOWERED, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia 2016 hadi 2019 kutafuta njia za kuondoa floridi kwenye maji na mazao ya Bonde la Ufa, Arumeru ikiwemo. Ulikuwa mradi wa utafiti na uliacha maarifa ya maana, wala siwalaumu waliouandaa. Lakini mtoto aliyezaliwa Ngarenanyuki mwaka ulipoanza aliota meno yake ya mbele ya kudumu kama 2022 au 2023. Jibu la swali lililoulizwa lilichomoza wakati waulizaji wamekwisha kuondoka.

Kama ningepewa nafasi ya kuongeza kisanduku kimoja kwenye ule mchoro wa ukutani, ningeomba ubao. Kwenye kila kibanda cha maji, kila bomba la kijiji na kila shule yenye chujio, ubao mweusi wenye mambo matatu: tarehe ya kipimo cha mwisho, namba iliyopatikana, na jina la aliyepima. Juu yake kiandikwe kikomo, 1.5. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kulinganisha namba mbili, na mama anayekuta tarehe ya mwaka juzi atakuwa na la kumwuliza mwenyekiti wa kijiji mkutanoni. Ndoo za nyumbani nazo zingepata zamu: kila kitongoji kilete sampuli siku moja ya kliniki ya watoto, kwa kuwa kina mama wanakwenda huko hata hivyo na ndio wenye watoto wa umri unaohusika. Kupima kuna gharama yake, najua, na vipimo vinataka wataalamu na dawa za maabara. Ila sijawahi kusikia uzinduzi wa mradi wa maji uliokosa fedha za tisheti na turubai.